Mugeni Mwenye Hakusalimia

Kosa ni yangu, sitaitafutia mutu mwingine. Mi ni muzee, shule niliiacha mapema, mitumbwi yangu niliipata kwa nguvu ya mikono yangu. Hapa Baraka, kando ya ziwa, hakuna mutu wa kuniambia nyamaza. Ndiyo ile iliniponza.

Wakati ya corona, binti yangu (tumuite Neema) alirudia nyumbani kutoka China, kwenye alikuwa anasomea. Shule moja ya Lubumbashi ikamujaribu kwa kazi: kufundisha bacommerçants, batu ya biashara, Kichina kwa internet. Alikaa kwa salon yangu, simu juu ya meza, sura za banafunzi zinaonekana mule.

Mi nikasema: hawa ni bageni, bako kwa nyumba yangu. Kila asubuhi naingia, nasalimia mumoja mumoja. Jambo mama, batoto bako muzuri? Na ule muzee wako, mugongo ulipona?

"Papa, ni masomo," Neema ananiambia.

"Masomo inakataza heshima?"

Banafunzi banacheka. Mi nanenepa na sifa.

Siku moja, mugeni mumoja hakuonyesha sura. Jina tu, na weusi. Nikasalimia, kimya. Nikarudilia, kimya. Nikakamata simu: "We mama, unaingia kwa nyumba ya batu, unajificha, hausalimii. Ulikomalia wapi, kwenye hakuna adabu? Toka."

Neema akafunika uso. Kumbe ni directrice, mukubwa wa ile shule, alikuja kusikiliza kama mutoto anafaa kupewa kazi.

"Papa, umenifukuzisha," akasema polepole.

Nikamupigia directrice mi mwenyewe. "Madame, kosa ni ya muzee, si ya mutoto."

Akacheka. "Papa, we hausikilizake mutu. Neema akikufundisha we Kichina, nitaamini ni mwalimu."

Wiki nzima nilirudilia maneno kama mutoto mudogo wa maternelle, bamama wa jirani banachungulia kwa dirisha. "Muzee, leo umepanda darasa?" Neema hakunihurumia hata kidogo. Akanifundisha kusalimia na kuomba musamaha.

Mbele ya directrice, kwa simu, nilisema yote kwa Kichina, jasho inatiririka. Akamuambia Neema: "Kazi ni yako."

Bazee benzangu, mutoto akiwa anafundisha, kaa inje, hata kama nyumba ni yako.

Na we Neema, ule musamaha ulikuwa wa madame, kwa Kichina. Wako sijauomba mpaka leo. Nisamehe, mwanangu.