Chakula cha Mkono Mmoja

Mwalimu ndiye aliyetoa wazo la hotdogi, nami nikalikubali haraka kwa sababu sikuwa na lingine. Tulikuwa tunatafuta chakula ambacho mtu anaweza kula kwa mkono mmoja bila kuonekana kwamba anakula kwa mkono mmoja.

Rafiki yetu wa tatu alikuwa amepigwa na kiharusi msimu wa kupanda. Mkono wa kulia ulilala, mguu ukawa wa kuvutwa, na nusu ya mdomo ikashuka. Kabla ya hapo, kila Jumamosi sisi watatu tulikaa nyuma ya bucha moja karibu na soko la Machakos, mbuzi akichomwa, na yeye ndiye aliyekata. Kisu hakumwachia mtu. Hata mwenye bucha alisimama kando. Mtu kama huyo humwiti kwenye nyama choma aje atazame wengine wakikata.

Ijumaa mkewe alinipigia simu. Alisema mumewe hajatoka nje tangu arudi kutoka hospitalini. Kanisani amekataa, sokoni amekataa, wageni wakija anageukia ukuta.

"Amekubali kuja kesho juu ni nyinyi," aliniambia. "Lakini shemeji, akirudi kama ameumia roho, huyu mtu hatatoka tena."

Nililala na hayo maneno. Asubuhi Mwalimu, ambaye hata kupumua angekupangia ukimpa nafasi, aliweka masharti: tusitaje mkono, tusitaje mbuzi, na utani hapana kabisa. Hilo la mwisho lilikuwa gumu. Sisi tumekua Mitaboni tukitukanana. Salamu yetu ilikuwa tusi, na ukiona umenyamaziwa ulijua una kesi. Lakini nilikubali, maana mgonjwa ni mgonjwa.

Mkahawa ulikuwa mpya, moja ya zile sehemu ambazo huandika chakula kwa chaki ukutani. Mwalimu alikuwa ameshapita kuhakikisha hakuna ngazi. Mke wa mwenzetu alimleta mumewe mpaka mlangoni, akanitazama mara moja, akaondoka. Sisi tukamsalimia mwenzetu kama tunampokea askofu.

"Unaonekana vizuri sana," nikasema.

"Na hiyo shati imekutoa," akaongeza Mwalimu.

Lilikuwa shati la kijani tulilolicheka miaka nenda miaka rudi. Mwenzetu alikaa, akauinua mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauweka mapajani.

Hotdogi niliyoijua mimi ni ya barabarani: smoki, soseji ndogo iliyopasuliwa, ikajazwa kachumbari, unakula ukitembea. Hizi zililetwa juu ya mbao, kila mtu na ubao wake. Soseji ilikuwa nene kama mpini wa jembe, jibini inatiririka, vitunguu vimekaangwa mpaka vikawa rangi ya udongo. Na kando ya kila ubao, kisu na uma. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameshaviona.

"Mkiishika kwa mkono mkate utavunjika, wazee wangu," msichana aliyetuhudumia akatueleza kwa adabu. "Hii inataka kukatwa."

Nilitamani kumrudishia vyakula vyake vyote. Hakuwa na kosa, lakini hasira haiulizi kosa ni la nani.

Mwenzetu alikitazama kisu kwa muda, kisha akakichukua kwa mkono wa kushoto. Maneno "lete nikukatie" yalinifika kwenye meno, nikayameza. Mwalimu akaanza kueleza habari za mvua upande wa Kithimani, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemsikiliza. Kisu kiliteleza juu ya ngozi ya soseji. Alipojaribu tena, ubao wenyewe ukasogea, kwa kuwa hapakuwa na mkono wa kuushikilia. Akakaza. Soseji ikachomoka kwenye mkate, ikaruka, ikatua mapajani mwa Mwalimu na jibini yake yote, kisha ikaanguka chini.

Mwalimu alijipangusa suruali huku akitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi.

"Hakuna neno," akasema. "Hakuna neno kabisa."

Mwenzetu akaweka kisu chini.

"Hamcheki," akasema. Siku hizi maneno yake hutoka yakijiburuta, unangoja moja lifike ndipo lingine lianze. "Soseji imekalia Mwalimu, na hamcheki. Tangu tufike hakuna mtu amenitusi. Hii shati mmeisifu." Akavuta pumzi. "Ni maiti ndio watu huwa hawatusi. Kama mimi nishakufa niambieni, nimwite mama watoto anipeleke nyumbani."

Niliogopa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari unatafuta simu mfukoni, na nilijua simu hiyo ikipigwa tumempoteza. Mwalimu alinitikisia kichwa, kunikataza. Nikamkasirikia Mwalimu, nikajikasirikia na mimi mwenyewe, na mdomo ukafunguka kabla sijaupa ruhusa.

"Asi! Kwani utatusiwa nini?" nikamwambia. "Hata soseji imekuangalia mara moja ikakimbia. Si ni kama wasichana wote wa Mitaboni?"

Mwalimu alifumba macho. Uso wa mwenzetu ukakunjamana, mabega yakaanza kutikisika, machozi yakamtoka. Tangu augue, akilia na akicheka uso wake ni uleule, na mimi nilikaa pale nisijue nimefanya lipi kati ya hayo mawili.

"Mimi," akasema hatimaye, akihema, "alinikimbia mmoja. Wewe walikukimbia wote, na mama zao."

Kisha akausukuma ubao wa Mwalimu mpaka mbele yangu, na kisu juu yake.

"Sasa nikatie hii ya Mwalimu. Kata ndogo ndogo, mjinga wewe. Nikinyongwa na soseji, mtanicheka mpaka kaburini."