Fuko Walioogeshwa na Mama

Nilirudi nyumbani Chapwa na fuko wawili kwenye ndoo, nikiwa na furaha ya kipuuzi kabisa. Dume nilimchimbua Nanyala, jike nilimtoa kwenye viazi vya bibi kule Ileje. Kwa macho ni ndugu. Lakini chuoni tulishaangalia kromosomu za fuko wa pande zote mbili, zile nyuzi zinazobeba urithi, na za Nanyala mbili ziliwahi kuungana zikawa moja. Nilitaka kujua jambo moja tu: jike atamkubali huyu dume? Mwalimu wangu alinipa mwezi, la sivyo nitafute mada nyingine ya utafiti.

Jike akamnusa, akamuuma. Kesho yake tena, na wiki tatu zikaisha hivyo.

Sasa mama yangu ndiye anayeitwa mtaani kumwandaa bibi harusi, na kwake ndoa huanza na maji. Nilipokwenda sokoni Mpemba kutafuta mihogo ya kuwalisha, akawaviringisha fuko wangu kwenye kitenge, mmoja mmoja, akawasugua kwa sabuni yake ya waridi. Nikarudi nyumba inanukia harusi, na fuko wamelala wamekumbatiana.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimewaogesha. Ulitaka waoane wananuka udongo?"

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanishinda, nikakaa chini sakafuni. Kumbe jike alikuwa anachagua kwa pua, na sabuni ilimfichia harufu ya ugeni. Nikachimbua wengine, nikarudia: waliooshwa kwa maji matupu waliumana, wa sabuni wakaelewana. Mwalimu alicheka kwenye simu mpaka akakohoa, na mada ikabaki yangu.

Walipozaliwa watoto wawili nilicheza uani peke yangu kama chizi. Mama akawatazama, akauliza, "Na hawa watazaa?"

Nikamweleza kwamba nyuzi za baba na za mama lazima zikae jozi mtoto anapotengeneza mbegu zake, kama zipu. Meno yasipokutana, huenda asizae kabisa. Hivyo ndivyo wa huku na wa kule wanavyoachana taratibu, mpaka wanakuwa viumbe tofauti.

Mama hakucheka. "Basi yule jike alikuwa na sababu zake," alisema. "Mimi nikamdanganya kwa sabuni."

Mwaka jana ikafika zamu yangu ya kuolewa. Akina mama walishachemsha maji, wanaimba, na mimi nacheka hovyo. Mama akanivuta jikoni, akafunga mlango. Sabuni ya waridi alikuwa ameishika nyuma ya mgongo.

"Kabla sijakuogesha," akasema, "huyo mwanaume umeshamnusa vizuri?"