Ngamia na Visanduku Vinne

Ami yangu anaitwa Talal, lakini ukifika Mkunazini ukamuulizia Talal fundi redio, utatazamwa kama umeshuka mtaa siwo. Uliza Ngamia. Hapo hata muuza ndizi atakuelekeza bila ya kuinua kichwa. Jina hilo nimempa mimi, mwaka 2002, nikiwa na miaka kumi na sita na mdomo uliokuwa umeshafika thalathini.

Mnaonijua humu jamvini mshaanza kucheka. Ngojeni kwanza.

Mama yake, Bi Dalal, alihamia Maskati kwa nduguze mwaka themanini na sita. Si bibi yangu mie, maana Ami na baba yangu wamechangia baba tu. Kila akipata mtu anakuja Unguja, Bi Dalal humpa kifurushi cha mwanawe: tende, ubani, mara nyengine kofia kaishona kwa mkono wake. Na kila kitu hukizungushia kurasa za gazeti la huko zenye mafumbo ya picha. Makusudi. Anamjua mwanawe, kitu kikifungwa hatulii mpaka akifungue.

Kwa msioyajua mafumbo hayo: ni visanduku kumi kwa kumi, vitupu. Juu na ubavuni pana namba, na namba inakwambia visanduku vingapi vinavyofuatana upake wino. Ukimaliza, inatokea picha. Mwenye akili zake anafuata namba. Safu ya visanduku kumi ikiandikwa tisa, basi vinane vya kati vitapakwa tu, utake usitake, huna haja ya kubahatisha. Mwenye haraka anaitazama picha inavyoanza kuchomoza, anasema "hii nnaijua," anajipakia.

Siku hiyo Ami alikuwa na haraka. Yuko barazani, wazee wanakunywa kahawa, yeye na karatasi yake na kalamu ya wino. Kafika nusu, kaona shingo, kaona nundu.

"Ngamia huyu!" akapiga kelele. "Maskati hao, wangechora nini chengine?"

Akapaka miguu, akapaka mkia, akapaka na kope nadhani. Kisha namba zikakataa. Mimi nikainakili upya kwenye daftari la skuli, nikazifuata namba moja moja, na shingo ikawa mdomo, na nundu ikawa kifuniko. Birika la kahawa. Na birika lenyewe liko barazani mbele yake, linatoa moshi.

"Ami," nikasema, "hebu nimiminie kikombe kwenye huyo ngamia wako."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Toka siku hiyo, Ngamia. Mteja akileta redio, "Ngamia, hii inakoroma." Msikitini, "Ngamia, sogea safu." Na Mwarabu kumwita ngamia, mnajua wenyewe inavyochoma. Yeye hucheka kidogo, kwa mdomo tu. Lakini kalamu aliihama. Akanunua penseli, na kisanduku asichokuwa na hakika nacho hakigusi hata umuue.

Basi ikaja Ramadhani ya 2004. Bi Dalal kalala kitandani toka Rajabu, macho yamemuingia ukungu. Kila wakizungumza kwa simu suali ni moja: "Utakuja lini, mwanangu?" Na tiketi ya Maskati kwa mtu anayekula kwa kuchomelea waya za redio, hiyo ni ndoto ya mchana.

Wiki ya pili ya mfungo likaja tangazo kwenye klabu ya mtaani kwetu. Duka moja la kukata tiketi limetoa zawadi: kwenda na kurudi Maskati, kwa mtu atakayeshinda fumbo la picha. Ami alilisoma tangazo lile mara tatu. Usiku wa siku ile kampigia mama yake, nikamsikia anasema, "Inshallah baada ya Idi."

Fumbo alilitunga Bwana Abrahman, aliyekuwa mwalimu wa kuchora. Hakutaka kunakili la watu. Kachukua kiua kinachoshonwa kwenye kofia zetu, kakipanga kwenye visanduku, kahesabu namba, kaziandika pembeni, kwisha. Alichosahau ni kulifungua mwenyewe fumbo lake, aone kama namba peke yake zinamfikisha mtu.

Siku yenyewe, baada ya laasiri, midomo imetukauka, ukumbi umejaa. Ami kavaa kofia aliyoshonewa na mama yake. Bwana Abrahman anagawa karatasi, kimya kimetanda, na mimi, nani mwengine, nikapaza sauti kutoka nyuma:

"Ngamia! Leo usituletee tena wa kutilia kahawa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ami hakugeuka. Niliiona shingo yake tu, imekuwa nyekundu.

Alikuwa wa mwanzo kufika mwisho. Namtazama penseli inakwenda, haisiti, haifuti. Kisha ikasimama. Vimebaki visanduku vinne, katikati kabisa, viwili juu na viwili chini. Viwili katika hivyo vinatakiwa kupakwa, kwa mshazari. Ukipaka cha juu kushoto na cha chini kulia, namba zote zinakubali. Ukigeuza, juu kulia na chini kushoto, zinakubali vilevile. Hapana namba itakayokwambia ipi ndiyo. Penseli imening'inia. Meza ya pili, Munir wa Chukwani, kijana mzuri tu, mchangamfu, kafika hapohapo. Kakuna kichwa, kapaka, kanyanyua mkono.

Ami akaandika chini ya karatasi yake: "Hivi vinne vina majawabu mawili. Nimeviacha."

Bwana Abrahman akafunua picha yake. Ya Munir imelingana.

"Umejuaje hapa kati?" Ami akamuuliza Munir, mbele ya watu.

"Sikujua, yakhe. Nimesema bismillahi, nikatia."

"Umesikia, mwalimu? Kabahatisha."

"Kapata," alisema Bwana Abrahman. "Wewe karatasi yako ina tundu. Kiua hichi, Talal! Mwenye macho anakiona."

"Namba hazisemi kiua."

"Basi ziambie namba zikupe tiketi."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa mazoea.

Njiani tunarudi kufuturu nikamuuliza, "Ami, kwani hukuona kama ni kiua?"

"Nimeona toka safu ya tatu." Akavua kofia, akanionesha. Kiua kilekile, kimezunguka kofia nzima, kila kimoja kimelalia kulia. "Mama kakishona hichi miaka na miaka. Nnakijua hata kizani."

"Sasa si ungepaka!"

Akaivaa kofia yake. "Na ngamia nlimjua vilevile, Rasha."

 

Munir kaenda Maskati baada ya Idi. Muungwana, kabla ya kuondoka kaja kuuliza kama kuna salamu. Ami kampa dawa ya kuchua, barua na anuani. Munir karudi na mablanketi mawili na kifurushi kimefungwa kurasa za mafumbo. Akakaa barazani, hatazami mtu.

"Mama yako haoni vizuri," alisema. "Kaniuliza, 'Ndiwe Talal?' Nikamwambia siye, mimi Munir, natokea kwa Talal. Kakaa kidogo kauliza tena. Nikamwambia siye."

"Enhe."

"Kauliza mara ya tatu. Kashanishika mkono. Sikujua nijibu nini, Ngamia, wallahi sikujua." Akakisogeza kifurushi mbele ya Ami. "Nikabahatisha. Nikasema, 'Naam, mama.'"



"Akafanya nini?" Ami akauliza.

"Akanipapasa kichwa. Akaniuliza kofia yangu iko wapi."

Bi Dalal kafariki baada ya wiki mbili. Kafa anajua mwanawe kafika, na aliyefika ni Munir. Mtaani wanasema Munir kafanya thawabu. Pengine. Ami hajawahi kumsema vibaya, wala kumwalika tena barazani.

Kifurushi kile kiko juu ya kabati ya redio mpaka leo, miaka mitano sasa, hakijafunguliwa. Mtu asiyeweza kuona kitu kimefungwa! Mwezi uliopita nikajitia ujasiri, nikamwambia, "Ami Talal, nisamehe lile jina."

Akatabasamu, kwa mdomo tu. "Sasa ukiniita Talal, nani atajua unamwita nani?"

Basi wana jamvi, leo sitaki vichekesho, wala vile viuso vyenu vya njano. Nani kati yenu kampachika mtu jina kwa mzaha, kisha akaliona linavyomla? Mlifanya nini? Liliwahi kutoka? Niandikieni hapa chini, hata kama ni aibu. Yangu mshaisoma.