Ufukwe wa Waoga

Marehemu kaka yangu alikuwa fundi wa vigae, na sijawahi kusikia sakafu aliyoiweka yeye ikapinda. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu wengi waliokuja kumzika walimjua kama mwalimu wa kupanda mawimbi, wakadhani alizaliwa na ubao kwapani. Alipanda ubao mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na minne, kitambi kimeshaanza kumtangulia mlangoni.

Alikuwa anaweka vigae kwenye mabafu ya nyumba moja ya wageni karibu na bahari. Mgeni akaondoka, akaacha ubao wenye ufa. Kaka akaubeba mpaka nyumbani, akauziba ule ufa kwa gundi ya vigae, akausugua kwa msasa siku mbili, akaridhika. Ulipofika majini ulikuwa mzito kama mlango wa ghala. Miezi minne, kila akitoka kazini, alianguka nao. Alianguka kwa kifua, kwa kisogo, kwa makalio. Baadaye, alipoanza kufundisha wengine, alisema hakuna namna ya kuanguka asiyoijua, na kwamba hilo ndilo somo pekee alilosomea.

Wanafunzi wake hawakuwa vijana wa misuli. Walikuwa kinyozi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, fundi cherehani, mama mmoja wa duka la dawa. Yule kinyozi ndiye baadaye akawa msaidizi wake. Tunamwita Sponji, kwa sababu wiki yake ya kwanza alikunywa bahari hadi tukahofia itapungua.

Mimi ndiye ninayemfuata kaka kwa kuzaliwa. Nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na sijui kuogelea. Kwa sababu hiyo hiyo kaka alinipa kazi. Kila alipotafuta ufukwe wa kufundishia alinichukua, akanisimamisha majini na gauni langu, kamba kiunoni, yeye akishika ncha ya pili. Alikuwa akiniita Kipimo. Siku moja nilimuuliza kwa nini asimchukue mtu anayeyajua maji. Akanijibu, "Hodari akitazama bahari anaona mawimbi. Mimi nataka macho ya mtu anayeona kifo."

Utaratibu wake haukubadilika. Maji yakikupwa tulitembea peku tukiburuta nyayo, kwenda na kurudi, kutafuta jiwe, chupa, mwamba, na wale wadudu wa miiba myeusi. Alitaka mchanga mtupu hatua mia moja. Maji yakijaa nilisimama yaliponifika kifuani, nikatupa chungwa. Kama chungwa lilirudi ufukweni, vizuri. Kama lilikwenda zake nje, tulifunga virago siku hiyo hiyo. Wimbi alilolitaka ni lile linalovunjika mbali, likamfikia mtu likiwa povu tu, limechoka, lenye nguvu ya kumsukuma na si ya kumkunja. Waliobobea walipapita mahali kama hapo wakicheka. Kaka aliwasikia wakicheka, akasogea karibu kuangalia.

Na hakuwahi kuupitisha ufukwe kwa siku moja. Ilikuwa lazima auone nusu mwezi mzima, tangu maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, hadi bamvua, yanapojaa mpaka kwenye majani na kukupwa mpaka uchi wa bahari uonekane, kisha kurudi maji mafu. Matokeo aliyaandika kwa penseli nyuma ya vigae vilivyobaki kazini, ufukwe mmoja kigae kimoja. Vimeegemea ukuta wa chumba chake mpaka leo.

Mwaka jana mvua kubwa ziliuhamisha mdomo wa mto, na ufukwe wetu wa siku zote ukachimbika mkondo katikati. Fundi cherehani alivutwa mpaka karibu na maboya ya mashua. Kaka alimfuata, akamrudisha, akampumzisha juu ya mchanga, kisha akafunga shule kabla hata nguo zake hazijakauka. Miezi miwili baadaye moyo wake ulianza kumsumbua. Alilazwa wiki tano.

Wodini, wauguzi walimzoea kwa maneno yake. Akawaahidi, wote kumi na mmoja, kwamba likizo yao ikifika atawafundisha kusimama juu ya maji. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda na kitabu changu cha sala. Nikamwambia, "Kaka, aliyetembea juu ya maji tunamjua, na siyo wewe." Muuguzi mkuu alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine. Lakini muuguzi alipoondoka, kaka alinigeukia akiwa hana utani tena. Alisema wale watu wamemgeuza kitandani kama mtoto, na hana kingine cha kuwapa. Akanitaka nimtafutie ufukwe.

Daktari alimruhusu kurudi nyumbani kwa sharti kwamba asiingie majini. Akatii kwa namna yake: alikaa ufukweni kwenye kiti cha plastiki, akatuelekeza mimi na Sponji kwa kidole. Fukwe tatu tulizikataa. Wa kwanza ulikuwa na mwamba, wa pili wimbi lake lilivunjika ghafla mguuni, wa tatu chungwa lilikwenda na hatukuliona tena. Wa nne ulikuwa nyuma ya kiwanda cha chumvi kilichofungwa. Mchanga wake ulikuwa laini kama unga, povu lilikuja polepole kutoka mbali. Siku kumi na moja tuliupima, na kila siku kaka aliongeza neno kwenye kigae. Siku ya kumi na mbili nilimpelekea chai nikamkuta ametangulia. Mungu alimchukua usingizini. Nilishukuru kwa hilo, na bado nashukuru, ingawa kuna asubuhi shukrani hainitoki vizuri.

Kigae cha ufukwe huo wa nne kilikuwa kitandani kwake. Kilisema: mchanga safi, povu zuri, chungwa limerudi. Chini kabisa: bado bamvua.

Wauguzi walikuwa na likizo yao wiki tatu mbele. Sponji alikuja nyumbani na mpango tayari: siku ya kwanza ya likizo hiyo tunafungua, tunaupa ufukwe jina la kaka, basi. Nikamwonyesha kigae. Akasema siku kumi na moja zinatosha, kwamba hata kaka mwenyewe angeona hivyo.

"Asingeona hivyo," nikamwambia. "Angekuwa ameona, angeandika."

"Dada, una ukaidi wa ukoo."

"Basi njoo na kamba."

Hakuja siku ile. Alinuna siku mbili. Ya tatu, bamvua lenyewe, alisimama mlangoni na kamba begani na machungwa sita kwenye mfuko. Tukaenda.

Saa kumi alasiri bahari ilikuwa imepanda mpaka kwenye ukuta wa kiwanda. Nilisali kwa kifupi, nikaingia. Yalinifika magotini, kiunoni, kifuani. Mahali pale pale nilipokwisha kusimama mara kumi na moja. Povu lilinisukuma kwa upole kama kawaida, na Sponji akanipigia kelele kwamba nimeona sasa, turudi. Nilibaki. Kaka hakuwahi kunitoa kabla maji hayajageuka. Yalipogeuka nilihisi mchanga unatoka chini ya visigino vyangu, kidogo kidogo, kama mtu anavuta zulia. Nikatupa chungwa. Lilikaa, likazunguka, kisha likaelekea nje moja kwa moja, bila haraka. La pili likalifuata. Miguu yangu nayo ikataka kufuata, na kamba ikakaza.

Sponji alinivuta mpaka ukutani. Hapo ndipo tulipouona: mfereji wa zamani wa kiwanda, tulioudhania mkavu, ulikuwa umejaa bamvua na sasa unajimwaga baharini. Siku nyingine zote maji hayakuufikia. Sponji alikaa chini na kamba mikononi. Akasema, "Ningewaleta kumi na mmoja hapa."

Nilitaka kwenda nyumbani kulala. Badala yake tulihesabu hatua mia tatu kuelekea upande wa nyumba ya mashine ya kiwanda, na kesho yake, bamvua likiwa bado, tukaanza upya: kuburuta nyayo asubuhi, kusimama alasiri. Siku tatu machungwa yote yalirudi. Moja lilinigonga tumboni. Kisha tukaendelea kupima, maji mafu yakaja yakapita, nusu mwezi wetu kamili, na siku ya mwisho ilituachia siku nne tu kabla ya wauguzi.

Walikuja wote na gari la hospitali, wakiwa na kofia za plastiki za bafuni. Sponji alisimika bendera mbili kwa namna ambayo kaka asingekuwa na la kulalamika. Mimi nilisimama majini na gauni langu, mahali pa mwisho panaporuhusiwa. Muuguzi mkuu, aliyekuwa mwoga kuliko wote, alinifikia amekumbatia ubao kama mgonjwa anayekataa kulazwa, akauliza kama nina uhakika na hapa.

"Mimi siwezi kuogelea," nikamwambia, "na nimesimama hapa nusu mwezi."

Akanitazama, akatazama ufukwe, akageuza ubao. Alianguka mara tisa. Mara ya kumi alisimama mpaka povu likamfikisha mchangani, na alipofika hakushuka. Aliendelea kusimama juu ya ubao uliokwama kwenye mchanga, mikono imetandazwa, mpaka wenzake wakaja kumshusha.

Jioni niliandika kwenye kigae, kwa penseli yake: panafaa, upande wa nyumba ya mashine, mbali na mfereji. Nikakirudisha ukutani kwake. Vimebaki vigae saba ambavyo havijaandikwa. Jumamosi maji yanakupwa saa tatu, na Sponji nimeshamwambia machungwa anunue yeye.