Mimi na Dereva ni Khalwa, Yeye na Binti wa Sabuni ni Lifti

Admin, jina langu lifukie kabisa, maana ukoo mzima wa mume wangu umo humu na kazi yao ni kusoma maisha ya watu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa skuli moja ya Mjini hapa Unguja. Nimeolewa Paje, kwa hiyo kila siku ya kazi nilikuwa naendesha gari kutoka huko pwani mpaka Mji Mkongwe, na mchana naendesha tena kurudi. Gari ni langu, nimelinunua kwa jasho langu. Mume wangu ana kibanda cha vinyago ufukweni. Kazi yenyewe ni kukaa na kuwatazama Wazungu wakipita, na akichoka kukaa, hujilaza.

Mwaka huu mgongo ulinigomea. Nikishuka garini nasimama kwanza nimeshikilia mlango kama bibi kizee. Nilishona mto nikauweka kwenye kiti cha dereva, haukufaa kitu. Daktari akaniambia, "Mwalimu, usukani huu uache, la sivyo utakuja kufundisha umelala."

Nikaanza kutafuta njia nyingine. Niliomba uhamisho, nikaambiwa hakuna nafasi. Dada yangu anaishi Mtoni, akanikaribisha nilale kwake siku za kazi. Mume wangu akasema, "Ukenda kulala huko, usirudi." Haya. Hakuwa na wazo lake hata moja, lakini la mwenzake alijua kulikataa.

Kumbe jibu lilikuwa linapita mbele ya nyumba yetu kila alfajiri. Kuna basi dogo la hoteli moja linaloleta wafanyakazi kutoka Mjini, likishawashusha linarudi Mjini tupu kuchukua wengine. Dereva wake ni mzee Khamis, mtu mwenye wajukuu, kofia haimtoki kichwani na tasbihi inaning'inia kwenye kioo. Nikamwomba, akakubali, na hoteli ikaridhia. Mchana narudi na basi hilo hilo, limejaa wafanyakazi wa zamu ya jioni. Nilinyoosha miguu kiti cha nyuma, nikasahihisha madaftari, mgongo ukatulia. Nilijiona nimepata.

Wiki haikuisha, mume wangu akanikalisha kitako. "Asubuhi mnakuwa wawili tu ndani ya basi. Mwanamke na mwanamume asiye maharimu wake, hiyo ni khalwa. Nnakuonea haya mbele za watu."

Mtu huyu sala ya alfajiri huamshwa kwa kutikiswa. Leo amekuwa mufti.

"Sasa unataka nifanye nini?" nikamuuliza.

"Mama atakusindikiza."

Nilidhani anatania. Asubuhi yake mama mkwe yuko mlangoni, buibui limepigwa pasi, mkononi kikapu. Mzee Khamis akamwambia, "Karibu mbele, bi mkubwa." Akakaa mbele! Kuanzia siku hiyo, mlinzi wa heshima yangu ndiye anayekaa ubavuni mwa dereva, wanacheka njia nzima, wanakumbushana harusi za zamani, mimi nyuma na madaftari yangu. Mjini anashinda kwa ndugu yake mtaa wa Kikwajuni, mchana tunarudi naye kikapu kimejaa. Sijawahi kuona askari anayefurahia lindo namna ile.

Gari langu nalo mume wangu akaliomba. "Likikaa bila kuwashwa, betri itakufa. Ntakuwa nnaliwasha tu." Nikampa ufunguo. Kutoka nyumbani mpaka kibandani kwake mtu hafiki hata kutokwa jasho, lakini akawa anakwenda kwa gari.

Juzi mchana tunarudi, tumefika pale msitu wa Jozani, penye matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima. Pale kila gari hupunguza mwendo, hakuna anayepita kwa kujificha. Mbele yetu likaja gari langu, linaelekea Mjini. Mume wangu kwenye usukani, na kiti cha mbele binti anayeuza sabuni za mwani jirani na kibanda chake. Kiti amekilaza, miguu ameipandisha juu, anakula embe. Nyuma hakuna mtu. Mama wa kuwasindikiza hayupo, si wa mume wala wa binti.

Mama mkwe akaona, kwa sababu ndiye aliyekaa mbele. Mzee Khamis akajidai anatazama kima. Mimi nikasema, "Mama, umemuona mwanao?"

Akajibu bila hata kugeuka, "Kampa mtu lifti. Mwanangu ana huruma tangu mdogo."

Usiku nikamuuliza mwenyewe. Akakunja uso. "Lifti nayo imekuwa dhambi?"

"Na mimi na mzee Khamis?"

"Nshakwambia, ile khalwa."

Nilitoka nikaenda kulitazama gari. Mto nilioushona kwa ajili ya mgongo wangu umehamishiwa kiti cha mbele cha abiria, una madoa ya embe. Sikulia. Nilimdharau tu, na dharau ile haijanitoka mpaka sasa. Mwanamume ukimwogopa unaweza kuishi naye. Ukishamdharau unaishije naye?

Leo alfajiri mama mkwe amebisha hodi kama kawaida. "Twende, basi lisituache. Mwanangu hataki uende peke yako."

Ndugu zangu, nipeni akili zenu. Nimnyang'anye ufunguo nirudi kwenye usukani, mgongo uvunjike? Nihamie Mtoni kwa dada yangu, na ndoa iishe kama alivyoahidi? Au niendelee kulindwa na mama mtu wakati mwana anagawa lifti?

Na wewe unayejiandaa kuniandikia "vumilia dada, wanaume ndivyo walivyo", nenda kibandani kwake ukaombe na wewe lifti. Ana huruma sana, na kiti cha mbele kina mto.