Kanda ya Alhamisi

Mama Kanda ametunza nakala za akiba za chuo chetu miaka kumi na tisa, na hajawahi kushukiwa hata kwa kalamu. Jumatatu ile tulimshuku sote, mimi nikiwa mstari wa mbele.

Faili la alama za mwaka wa pili lilikuwa limehifadhiwa upya likiwa tupu: majina yapo, alama hakuna. Na kwenye majina hayo yumo mtoto wa kaka yake, kijana ambaye hata somo la michezo analifanya kwa maombi. Ushahidi gani tena?

"Mama, faili ulilifungua wewe?" Mkuu wa Mitihani aliuliza, kwa upole wa paka aliyeona panya.

"Kazi yangu kunakili, mwanangu. Kufungua ni kwenu."

"Basi alama zirudi kabla ya saa tisa. La sivyo, kazi huna."

Tukamzunguka. Akaingiza kwenye mashine kanda yenye nakala ya Jumapili: tupu. Jumamosi: tupu. Ijumaa nayo tupu; mashine ilikuwa imenakili utupu kila usiku kwa uaminifu wote. Nikamnong'oneza mlinzi wa mlangoni, "Anatuzungusha tu huyu."

Kanda ya Alhamisi ikakoroma robo saa. Alama zikatokea! Lakini nikamwona analihifadhi faili kwa jina jipya.

"Haya, hapo hapo!" nikaropoka. "Mbona hulirudishi mahali pake? Unaficha nini, mama?"

Akanigeukia taratibu. "Wewe chuo ulitoroka kabla ya somo hili, eh? Nikiliweka juu ya lile kabla ya kulikagua, likiwa bovu tutakosa mwana na maji ya moto."

Mlinzi akacheka hadi kofia ikadondoka.

Mama Kanda akampisha Mkuu kitini. "Soma mwenyewe, na karatasi za walimu mkononi, usije ukasema nimepika. Anza na huyo wetu."

Kompyuta: ishirini na tisa. Karatasi: ishirini na tisa. Wengine mia moja arobaini, hakuna aliyepishana.

Mkuu akaanza kutokwa jasho. Ijumaa asubuhi, akaungama, alifuta alama ili apate fomu tupu ya muhula mpya, akasahau kuihifadhi kwa jina jipya.

"Utatusamehe, mama."

Simu ya Mama Kanda ilikuwa inaita: kaka yake.

"Zimepatikana?"

"Zote, kaka. Ya mwanao ndiyo tuliyoanza nayo."



"Arudie mtihani," Mama Kanda akaongeza. "Na wewe usinipigie tena kazini."