Miche Mia Sita ya Mteremkoni

Watu wa chama walimwita Bi Pua, na yeye hakuliona tusi. Jina hilo alilipata mwaka ule moto ulipoingia hifadhini ukaula mteremko mzima ulio juu ya chemchemi. Chama chao kilikuwa kichanga, watu kumi na wanne wa kujitolea, wenye mapanga ya kuazima na ruhusa ya karatasi moja kutoka kwa mhifadhi mkuu: wasafishe njia, wategue mitego, wapande miti ya asili. Miti ya asili peke yake. Mstari huo mhifadhi aliupigia kalamu nyekundu.

Kitalu wakampa yeye, mjane wa darasa la saba mwenye vidole kama vya seremala. Wasomi wa chama walikuja na vitabu vya picha za majani. Yeye alichuma jani, akalisugua baina ya vidole, akanusa, akataja mti. Wasomi wakafunua kurasa, wakakuta ndivyo. Miaka kumi na minane hakukosea hata mara moja, na hakuwa mtu wa kuificha sifa yake chini ya mkeka.

Mti aliouotesha zaidi ni mkangazi, kwa kuwa ndio uliokuwa umejaa mteremkoni kabla ya moto. Lakini mkangazi una mfano wake wa kuja, mti ulioletwa zamani kwa ajili ya mbao, ukatoroka mashambani ukaingia porini, na popote ulipoota, miti ya asili ilidumaa kivulini mwake. Watu wa chama waliuita Mgeni. Miaka mitatu waliung'oa upande wa pili wa hifadhi, na ukiukata shina tu unachipua kwa hasira. Miche ya miti hiyo miwili ikiwa na urefu wa shubiri mbili ni kama mapacha. Ila jani la Mgeni ukilisugua linatoa harufu ya kitunguu saumu, na la mkangazi halinuki kitu. Kwa hiyo kazi ya Bi Pua ilikuwa kusugua, kunusa, na kutosikia kitu.

Hapo ndipo balaa lilipojificha. Tangu homa ya mwaka uliopita, iliyomlaza siku tisa, pua yake ilikufa. Alimimina mafuta ya taa kiganjani akanusa: kama maji. Sabuni: kama maji. Maharage yalimuungulia mara mbili jikoni, binti yake akalalamika, naye akamjibu kwamba siku hizi anayapenda hivyo. Alijiambia itarudi yenyewe. Hakumwambia mtu, maana Bi Pua asiye na pua ni nani?

Jumanne asubuhi wifi yake alirudi kazini. Huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, mmwagiliaji wa kitalu, mdomo usiolala. Alikuwa ameondoka miezi mitano kumlea binti yake aliyejifungua kwa shida. Aliweka ndoo chini, akapita katikati ya vichanja akiipangusa miche kwa kanga, akasimama.

"Wifi, siku hizi mnapikia huku?"

"Tunapika nini?"

"Kitunguu saumu kimejaa. Au ndiyo dawa ya kufukuza wachumba?"

Bi Pua alicheka kabla hajaelewa. Alipoelewa, kicheko kilikatika.

"Nilikula jana," alisema.

"Jana ulikula kwa vichanja vinne?"

Wifi akaenda zake bombani. Bi Pua alibaki ameshika nguzo ya kitalu. Mbegu za msimu huu zilikuja mifuko miwili. Mmoja aliuleta mwokota mbegu wao wa siku zote. Wa pili aliujaza mkwe wa mzee huyo, asiyezoea kazi hiyo, kwa kuwa mzee mwenyewe alikuwa anaumwa mguu. Zote zilimwagwa kwenye tuta moja. Ilitoka miche elfu moja na mia mbili, naye aliipitia mmoja mmoja, akisugua, akinusa, asisikie kitu, akisema safi. Mia sita ilikuwa hapa vichanjani, ikingoja kupandwa Jumamosi. Mia sita nyingine ilikwishapandwa mteremkoni wiki mbili zilizopita, kwa makofi na hotuba, na mvua ilikuwa imeanza kuinywesha.

Siku hiyo hakula. Alihesabu mambo kichwani, na kila alipohesabu alipata jibu lile lile. Akinyamaza, hakuna atakayejua mpaka miti itoe mbegu, na huenda wakati huo yeye yuko kaburini na sifa yake nzima. Lakini Mgeni atakuwa ameketi juu ya chemchemi inayonywesha watu wote wa bondeni, na atakuwa amewekwa na mkono wake. Akisema, chama kitanyang'anywa karatasi, na yeye atanyang'anywa jina.

Jumatano alifanya ujanja. Alimpelekea wifi mche mmoja. "Hebu ninusie huu. Mafua yamenibana."

Wifi akasugua jani. "Mgeni."

"Na huu?"

"Huu wetu."

"Huu?"

"Mgeni. Huu nao Mgeni. Huu wetu." Kufika wa kumi wifi akashusha mkono, akamtazama usoni. "Wifi, mafua gani hayana kamasi?"

Bi Pua aliurudisha mche kichanjani.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Mwaka mzima. Na iliyokwenda mteremkoni nani aliinusa?" Wifi akakaa juu ya ndoo aliyoifudikiza. "Ama kweli, mficha maradhi…"

"Usinimalizie. Naijua."

Kisha akashusha sauti. "Twende wenyewe kesho tukaing'oe. Nani atajua?"

"Getini tutasema tunafuata nini? Bila kibali cha mwenyekiti huingii hata kuokota ukuni. Na miche mia sita, mimi na wewe, pua moja?"

Alasiri hiyo hiyo Bi Pua alikwenda ofisi ya chama, chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Mwenyekiti, karani mstaafu wa posta, alikuwa akipiga pasi ya kiganja barua ya kuomba ruhusa mpya, maana ile ya zamani ilikuwa inakwisha. Bi Pua alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia pua mpaka mteremko, bila kumtaja mkwe wa mwokota mbegu kama ngao. Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Bi Pua, unajua mhifadhi anakuja keshokutwa kutia saini?"

"Ndiyo sababu nimekuja leo."

Alipiga simu pale pale. Bi Pua alisikia upande mmoja tu, na ule usiosikika ndio uliomtoa jasho. "Ndiyo, mkuu. Mia sita. Hapana, hatujui ni mingapi. Hapana, hatukuambiwa na mtu, mwenyewe kaleta habari." Kisha akavuta kalenda. "Mpaka Jumapili. Sawa, mkuu."

Akaweka simu chini taratibu kama yai. Mhifadhi hangetia saini mpaka kila mche wa ile mia sita ya mteremkoni uonekane, umeng'olewa au umethibitishwa, na ile ya vichanjani isitoke kitaluni.

Ijumaa walipanda mteremko watu kumi na mmoja, wakitafuta vijiti vilivyochomekwa kando ya kila mche. Aliyekuwa na pua alinusa, asiyekuwa nayo aling'oa. Dereva wa chama alikiri kwamba anavuta sigara tangu ujanani na hasikii kitu, akatumwa kushika jembe.

"Karibu upande wetu," Bi Pua alimwambia, na wachache wakacheka, wengine wakakwepa macho yake. Mwanamama mmoja wa hesabu za chama hakumsemesha siku zote tatu.

Bi Pua alipiga magoti kando ya wifi. Wifi akitamka "Mgeni", yeye aliingiza vidole, akaufuata mzizi mpaka nchani, asiukate. Kucha zilijaa udongo mwekundu. Akitamka "wetu", Bi Pua alimuuliza kila mara, "Una hakika?" mpaka wifi akamwambia akiuliza tena atamnusa yeye.

Jumapili alasiri askari wa hifadhi alijumlisha. Iliyong'olewa, mia tatu arobaini na mmoja. Iliyobaki, mia mbili hamsini na mitatu. Vijiti sita vilisimama peke yake, mashimo yake matupu.

"Labda pongo wamekula," alisema askari.

"Pongo hali kitunguu saumu," alijibu wifi.

"Basi hiyo sita ilikuwa mikangazi."

"Au mvua imeisomba," alisema Bi Pua.

Mhifadhi mkuu, aliyekuja mwenyewe na gari lake, aliandika mia tano tisini na nne. Barua aliikunja bila saini, akaitia mfukoni. Aliwapa mpaka mwisho wa mvua waionyeshe ile sita.

Wenzake walianza kubeba majembe kwenda garini. Bi Pua alishuka upande mwingine, ambako maji yalikuwa yamechimba mfereji kuelekea chemchemini, akachuchumaa, akaanza kufunua majani kwa mikono miwili, shubiri kwa shubiri.

"Wifi, gari linaondoka."

"Tangulieni."

Wifi alisonya, akasema magoti yake si ya serikali, lakini alishuka. Walikwenda hivyo hatua arobaini hivi. Kwenye tope, chini ya shina lililoungua, kitu chembamba kilikuwa kimelala ubavu, majani matatu, mzizi umekwisha kushika upya. Bi Pua alichuma jani moja akalinyanyua juu bila kugeuka. Wifi akalisugua. Alikawia.

"Sema."

"Mgeni."

Bi Pua alizamisha vidole topeni. "Bado mitano," alisema, akasogea mbele.